Betri Iliyokufa Bila Kuwaka

Saa mbili asubuhi, mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe lililochujuka anafungua mlango wa tanuri dogo, kiasi cha kabati la vyombo. Tanuri limezimwa tangu jana, lakini yeye haliamini. Anatanguliza kiganja, anakiacha hewani kidogo kama anayepima homa ya mtoto, ndipo anavuta kibakuli cheupe kilichojaa unga.

Anaufukua unga ule kwa brashi laini. Chini yake vimezikwa vidonge vyembamba vyenye rangi ya maziwa yaliyokaa, upana wa sarafu. Anavitoa kwa kibano na kuvipanga juu ya kitambaa cheusi. Cha kwanza kizima. Cha pili kina ufa mwembamba kama unywele. Cha tatu kinagawanyika vipande viwili kabla hakijafika kitambaani.

"Pole, baba," anakiambia, na kukiweka kando.

Hakuna wa kumcheka. Zamani chumba hiki kilikuwa na watu wa kutosha kutaniana kutwa nzima. Leo ukutani kuna misumari mingi ya kutundikia makoti, na makoti mawili tu. Mashine ya kusagia unga imebandikwa karatasi yenye namba ya mnada. Mizani nayo imebandikwa. Tanuri, ambalo bado linatumika, limebandikwa ubavuni, mahali ambapo mtu hawezi kuiona karatasi hiyo asipoinama.

"Wameniwekea pembeni nisiione," anasema. "Lakini mwenye kufagia ni mimi."

Mtaani kwake anajulikana kama Mama Vidonge. Hajawahi kuzaa. Umama huo amepewa na majirani, waliosikia kwamba anatengeneza vidonge maabara wakadhani ni dawa. Jirani wa ghorofa ya juu alishawahi kumgongea mlango, kichwa kikimuuma, akaomba viwili tu vya kutulizia.

"Nilimwambia, jirani, hivi vyangu ukivimeza kichwa hakitauma tena, maana hutakuwepo wa kuumwa."

Vidonge vyake ni vya betri. Kila betri ya lithiamu, iwe ya simu au ya pikipiki, ina pande mbili, na katikati pana kitu kinachopitisha chaji kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Wataalamu wanakiita elektroliti. Katika betri nyingi kitu hicho ni majimaji, na majimaji yenyewe hushika moto. Maabara hii imekuwa ikijaribu kuyatoa na kuweka kauri mahali pake: kitu kigumu, ndugu wa kikombe cha chai na kigae cha bafuni, kisichojua kuwaka.

Kulisema ni rahisi. Unga wa kauri hiyo husagwa hadi uwe laini kuliko poda ya mtoto, ukagandamizwa kwenye kalibu ya chuma, kisha ukachomwa kwa moto mkali kupita ule wa kuyeyushia shaba. Lithiamu iliyomo ndani haipendi moto huo, hutoroka kama mvuke. Ndiyo maana vidonge huzikwa ndani ya unga wa aina yake, ili kinachotoroka kifidiwe na unga uliovizunguka. Baada ya hapo husuguliwa kwa msasa ndani ya sanduku la vioo lisiloingia hewa, msuguaji akiwa ametumbukiza mikono katika glavu nene za mpira zilizoshonewa ubavuni mwa sanduku. Hewa ya kawaida ikivigusa, unyevu wake hujenga utando juu ya kauri, na chaji haipiti tena.

"Ukiwa mle ndani pua ikikuwasha, basi," anasema Mama Vidonge. "Utawashwa mpaka machozi yakutoke. Mikono si yako, ni ya sanduku."

Mwenye koti la pili ni mkuu wa utafiti, mwanamke mwembamba aliyefikia umri wa kuwa binti wa Mama Vidonge kama angezaa. Wote humwita Daktari, ingawa hajawahi kumtibu mtu. Akieleza kinachowashinda, huchukua sukari ya donge kwenye kopo la chai na kujenga ukuta mdogo mezani.

"Kauri ni ukuta wa chembe nyingi zilizoshikana," anasema. "Tunataka ushikane pasiwe na nafasi. Pakibaki nafasi, lithiamu inaota mizizi kwenye maungio, kama mti unavyopenya msingi wa nyumba. Mzizi ukitokeza upande wa pili, betri imepiga shoti. Imekwisha."

Kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiuboresha ukuta huo. Wamepunguza ukubwa wa chembe, wakachanganya madini mengine kidogo, wakajifunza kupandisha moto polepole na kuushusha polepole zaidi. Vidonge vya mwanzo vilipiga shoti siku ileile. Vya sasa huvumilia kwa miezi. Lakini vidogo ni vidogo. Kila walipojaribu kutengeneza bamba pana na jembamba, la kutosha betri ya pikipiki, lilitoka tanurini limejikunja kama jani kavu, au limepasuka.

Mama Vidonge aliingia hapa akitokea kiwanda cha vigae kilichofungwa. Alikuwa mlinzi wa tanuri kule, akaajiriwa kulinda tanuri huku. Mwaka wa kwanza, anakiri, hakujali kinachochomwa ni cha nini. Kauri ni kauri, na mshahara ni mshahara.

Kisha ikaja alasiri ile.

Ana mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, ambaye alimlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nyumbani humwita Kitinda hadi leo, ijapokuwa ni mtu mzima mwenye ndevu. Kitinda alikuwa akisambaza vifurushi kwa pikipiki ya umeme. Alisifika kwa kufunga mizigo. Wenzake walikuwa wakimletea friji, vioo, hata kitanda, awafungie, kwani alichofunga yeye hakikudondoka.

Siku hiyo alirudi kula. Akachomoa betri kwenye pikipiki, akaiweka kwenye ujia wa nyumba, akaichomeka kwenye chaja, akajinyoosha kitandani. Betri ilikuwa imeanguka siku chache nyuma, lakini ilifanya kazi, naye hakuitilia mashaka. Usingizini akasikia mluzi, kama wa sufuria ya presha.

Angeweza kukimbia. Lakini ghorofa ya juu kulikuwa na watoto wa jirani waliotoka shule, na ngazi ni moja. Kitinda akaikumbatia betri ile, tayari inafuka moshi, akaelekea nayo uani. Alidhani ataiwahi.

"Ilimpasukia kifuani hatua chache tu kabla ya mlango," anasema Mama Vidonge. "Mimi niliitwa nikiwa kazini. Nilipofika wameshamfunika kwa mablanketi yenye maji. Nikamjua kwa miguu."

Watoto wa jirani hawakupata hata mchubuko. Kitinda aliungua shingo, kifua na mikono. Madaktari walimwokoa, wakamchuna ngozi ya mapaja na kumbandika mikononi, lakini vidole vya mkono wa kulia viligandamana na havijakunjuka tena. Moshi alioumeza umemwachia kikohozi kisichosikia dawa. Mtu aliyefunga mizigo ya mji mzima leo hufungwa vifungo vya shati na dada yake kila asubuhi.

Wiki mbili baada ya moto huo, Mama Vidonge alikuja maabara na kuuweka ufunguo wa tanuri juu ya meza ya Daktari.

"Sitaki tena kusikia neno betri," alimwambia. "Tafuteni mwingine wa kuwapikia mauaji yenu."

Daktari hakumbembeleza. Alitoa kidonge kimoja, akakishika kwa kibano na kukipelekea moto wa kiberiti cha gesi. Kidonge kikawa chekundu, kikabaki hivyohivyo. Moto ulipotolewa kikarudi rangi yake. Kisha akadondosha tone la majimaji ya betri za kawaida kwenye sahani, akalisogezea moto uleule. Mwale ukaruka, Mama Vidonge naye akaruka, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Hicho ndicho kilichompata mdogo wako," Daktari alisema. "Na hiki ndicho unachonipikia."

Mama Vidonge akauchukua tena ufunguo wake. Tangu siku hiyo hakutaka tena kulinda tanuri tu. Aliomba afundishwe kusaga, kugandamiza, kusugua. Alijifunza kwa taabu, akivunja vingi, na wenzake walimvumilia.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Kitinda hakutaka kitu chochote kinachochajiwa kilale ndani ya nyumba. Simu ya dada yake ilichajiwa kwa jirani wa juu. Redio ilirudishiwa betri kavu zisizochajiwa. Dada alipomwambia kwamba hataacha kazi, yeye aligeukia ukuta.

"Yaani mimi nimelala hapa, na wewe kila asubuhi unakwenda kuwatumikia walioniunguza."

"Si hao, mdogo wangu."

"Betri ni betri, Dada. Usinieleze."

Hawakugombana tena. Waliacha tu kulizungumza. Alikuwa akimfunga vifungo, anamwekea chai, anaondoka, na neno kazi halikutajwa kati yao. Kwa watu wawili waliozoea kupiga soga hadi chai ipoe, anasema, ukimya ule ulikuwa mzito kuliko ugonjwa wenyewe. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Miezi kadhaa iliyopita mfadhili wa utafiti alitoa sharti la mwisho. Anatengeneza vyombo vya usafiri, na amechoka kuonyeshwa vidonge. Alitaka bamba la upana wa kiganja, jembamba, lichajiwe kwa haraka na lisipige shoti. Likifaulu, fedha zitaendelea. Lisipofaulu, kila mtu akatafute pake.

Walichoma mabamba kwa majuma mengi. Mengi yalipasuka. Moja likatoka zima, limenyooka, na kwa mara ya kwanza Mama Vidonge aliogopa kulisugua. Alilisugua siku nzima, akijizuia hata kukohoa.

Betri iliyojengwa kwa bamba hilo ilifungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye dirisha la kioo kinene. Siku za mwanzo ilikwenda vizuri. Mjumbe wa mfadhili akaja na begi lake la ngozi, akaketi, akaomba waongeze kasi ya chaji. Wakaongeza. Ikavumilia. Akaomba waongeze tena.

Mstari uliokuwa ukipanda kwenye kompyuta ulianguka ghafla, kama jiwe lililotupwa kisimani.

"Shoti," alisema mtaalamu wa vipimo, kwa sauti ya chini.

Daktari alivua miwani. "Imeshindwa," alisema. Mjumbe akafunga begi lake, akawashukuru kwa adabu na kutoka.

Mama Vidonge alikuwa amesimama nyuma yao, mikono ameikumbatia kifuani.

"Imewaka?" aliuliza.

"Hapana."

"Moshi je?"

Mtaalamu wa vipimo alichungulia dirishani. "Hakuna. Imepata vuguvugu kidogo, basi."

Alitoka nje, akaketi ngazini, akalia. Wenzake walidhani analilia kibarua chake, maana kila mmoja wao alikuwa analilia chake. Daktari alimfuata na glasi ya maji.

"Nilimwambia, mwanangu, mimi najua betri inavyokufa," anakumbuka Mama Vidonge. "Ile ya nyumbani ilitaka kufa na mtu. Hii imekufa kama mzee aliyelala akapitiwa. Hakuna aliyejua mpaka tulipochungulia."

Daktari naye anaikumbuka siku hiyo, na hataki iongezwe chumvi. "Ndani ya betri ile bado kuna lithiamu, na lithiamu ikikutana na maji ina hasira zake," anasema. "Moja isiyowaka haithibitishi elfu. Sikuwa na moyo wa kumwambia pale ngazini. Nilimwambia kesho yake."

Jibu alilopewa halisahau: "Hilo nalijua, mwanangu. Lakini ya jana niachie."

Baada ya hapo maabara ilikufa kwa vipande. Mtaalamu wa vipimo alipata kazi ya kurekebisha kompyuta dukani. Wasagaji walitawanyika. Mishahara ikawa nusu, na hiyo nusu ikaja ikijikokota. Mwisho wa mwezi huu chumba kitakabidhiwa kwa wenyewe, na watu wa mnada watakuja na lori lao.

Jioni ya siku ya shoti, Mama Vidonge alirudi nyumbani macho yamevimba. Kitinda alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alimtazama kwa muda, kisha akauvunja ukimya wa miaka miwili.

"Nani kafa?"

"Betri."

Alidhani atageukia ukuta. Hakugeuka.

"Imeua mtu?"

"Haikuua. Haikuwaka hata. Imekufa kimyakimya, na sisi tumefukuzwa kazi."

Kitinda alikohoa kwa muda mrefu. Kikohozi kilipotulia akauliza, "Unacho hicho kidude chenyewe?"

Mfukoni mwa koti alikuwa na kipande cha bamba lililopasuka kabla halijatumika. Akampa. Kitinda akakipokea kwa mkono wa kushoto, akakigeuzageuza mwangani, akakinusa. Akakibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anayejaribu ugumu wa biskuti.

Kikavunjika: ta!

Kisha Kitinda akacheka. Dada yake hakuwa amesikia kicheko hicho tangu moto, na mwanzoni alidhani ni kikohozi kimerudi.

"Dada, hiki ndicho kitakachobeba pikipiki? Hiki hakibebi hata siri! Ndiyo maana wamewafukuza."

"Ni chembamba, ndiyo maana."

"Si mkifanye kinene?"

"Kikiwa kinene chaji haipiti haraka."

"Ipite polepole basi," alisema Kitinda, kicheko kikimwisha. "Kwani mimi haraka ilinipeleka wapi?"

Walikaa hadi giza likaingia, wala hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Alimweleza kila kitu: unga unavyozikwa, mizizi inavyoota, sanduku la glavu na pua inavyowasha. Kitinda aliuliza maswali. Kabla ya kulala akasema bila kumtazama, "Usiiache hiyo kazi. Ukiiacha sasa, nitakuwa nimekuchukia bure."

Haikuwa dawa ya kila kitu. Bado hatoki nje. Watoto aliowaokoa sasa ni wakubwa kidogo, na mdogo wao humwogopa kwa sababu ya shingo yake. Akiwasikia wanashuka ngazi, husogeza kiti mbali na dirisha. Hospitali imesema vidole havitafanyiwa upasuaji mwingine. Simu bado inachajiwa kwa jirani. Na kazi ambayo amembariki dada yake kuifanya, haipo.

Daktari amepewa meza moja katika maabara ya chuo kilicho mbali kidogo, pamoja na ruhusa ya kutumia tanuri la watu likiwa halina kazi. Mshahara wa msaidizi hana. Alimwambia Mama Vidonge hivyo, wazi, macho yakiwa sakafuni.

"Nikamwambia, mimi na wewe hatukukutana kwa ajili ya meza," anasema Mama Vidonge. Amepata kibarua kwenye kiwanda cha masinki na vyoo, zamu ya tanuri, na ataanza wiki ijayo. Siku zake za mapumziko atapanda basi kwenda kwa Daktari kusaga, kugandamiza na kusugua. Wamekubaliana kuanza na mabamba manene kidogo, ya kuchajiwa taratibu, hata kama hakuna mfadhili anayeyataka. Ni ya pikipiki inayolala nyumbani, siyo ya gari la kushindana.

Anajua kwamba huenda asiione siku betri yao itakapoingia kwenye pikipiki. Wenye fedha nyingi kuliko wao wanahangaika na tatizo hilohilo, na pengine watatangulia. Hilo halimuumi. Anafunga kopo la unga uliobaki, anazungusha kifuniko kwa nguvu unyevu usiingie, na kulitia kwenye begi lake.

"Wakitangulia, nitawapigia makofi," anasema. "Mimi sitafuti sifa, wala sitaki betri ya kwenda mwezini. Nataka mtoto wa mtu arudi kutoka kazini amechoka, aichomeke ukutani, alale. Na aamke."